Kamba ya Asali Haioshwi

Jumatatu, 7 Juni 1993

Loth wa Chala amepita na pikapu yake. Anataka madebe sita ya asali ya gengeni, ya nyuki wa ukuta wa mwamba, kabla ya Jumamosi mchana. Zamani tungepeleka Ushirika tu. Sasa mnunuzi anakufuata nyumbani!

Tuko watatu. Mdogo wangu Oswaldi anashuka gengeni kwa kamba. Jirani yetu Nyanda, mwenye ng'ombe, anashika kamba juu. Mimi nawasha moshi na kukagua. Miaka sita nilikuwa karani wa ghala la Ushirika mpaka walipotupunguza. Hakuna gunia lililopita bila mkono wangu. Na kamba ni hivyo hivyo.

Oswaldi amechoka nami. Eti dada, unadhani mimi ni gunia? Nyanda akadakia: gunia lina nafuu, halibishani.

Jumatano, 9 Juni

Madebe matatu! Hakuna aliyechubuka hata kidole.

Oswaldi alikuwa ameshafunga kamba kwenye kisiki. Nikakipiga teke — kikatikisika. Baba alikitumia, ndiyo, lakini wakati huo kilikuwa mti. Tumehamia mti mbichi, na kamba tumeizungusha mara mbili. Pale inapopita kwenye ukingo mkali nimelaza gunia lililokunjwa, jiwe lisiisage. Ncha ya chini nimeipiga fundo kubwa, ili kamba ikiisha ghafla, mkono uguse fundo na si hewa. Nyanda naye nimemkataza kuinama ukingoni kuchungulia. Mwaka juzi kijiwe cha ukubwa wa yai kilitoka chini ya kiatu chake kikampasua Oswaldi kichwa.

Yote hayo wameyaita "sheria za ghala". Waseme! Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Alhamisi, 10 Juni

Nilitaka kuiosha kamba, inanata asali yote. Shangazi Rozina amekataa. Kamba ya asali haioshwi, baba yenu hakuiosha hata siku moja, ukiiosha nyuki wanahama. Ameitundika darini, juu ya jiko lake, penye mahindi. Shikamoo yangu haikusaidia kitu. Nimenyamaza.

Ijumaa, 11 Juni

Naandika usiku.

Wametangulia bila kunisubiri. Oswaldi kasema kamba ilikaguliwa juzi, ya nini tena. Nimekimbia kutoka nyumbani Kasense na mwenge wa moshi begani. Nimemkuta ameshajifunga, visigino viko ukingoni, mgongo kwenye bonde.

Nikamwambia vua. Akasema Loth anakuja kesho, dada, kaa pembeni. Nyanda akaikalia kamba kwa uzito wake wote. Kasema: mpaka karani apige muhuri, Oswaldi, hapa hashuki mtu.

Nimeipitisha vidoleni pima kwa pima, kila pima urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Ya kwanza hadi ya kumi, salama. Ya kumi na moja kidole kikazama. Nyuzi nene tatu zilizosokotwa — mbili zimetafunwa. Panya! Wamefuata asali katikati ya kunjo la kamba, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa nje ilionekana nzima kabisa.

Oswaldi alicheka kidogo. Kisha akakaa chini.

Sijivuni kwa kosa langu la jana. Nilijua asali na dari ni karamu ya panya, nikanyamaza kwa heshima. Lakini pima ya kumi na moja ni yangu! Hiyo hakuna wa kuninyang'anya.

Jioni Oswaldi amepiga baiskeli hadi madukani Mazwi, karudi na kamba mpya. Shangazi ameitazama ile ya zamani, akaitia motoni mwenyewe.

Jumamosi, 12 Juni

Naandika gengeni. Nina nafasi.

Asubuhi mikono ya Oswaldi ilikuwa inatetemeka. Si baridi. Nyuki hawaogopi, urefu hauogopi. Sasa anaiogopa kamba. Anayetetemeka hashuki, hata kama yamebaki madebe matatu. Nimemwambia hivyo bila kumcheka. Baba alinifundisha kushuka kabla ya Oswaldi, na mimi ndiye mwepesi kuliko wote. Nitashuka mimi.

Nimejifunga, Nyanda amevuta mafundo yote mawili. Gunia liko ukingoni. Moshi umeshika. Amebaki Oswaldi tu. Anakagua kamba, mpya hivi, haijawahi kuona asali wala panya. Amefumba macho, vidole vinatembea taratibu. Hii ni mara ya pili.

Loth yuko barabarani na pikapu. Amepiga honi. Amepiga tena, ndefu. Oswaldi hakuinua kichwa.

Nyanda ananinong'oneza, mbona humhimizi, dada? Nimemjibu: leo gunia ni mimi, na gunia halibishani.

Pima ya kumi na saba. Amesimama. Amerudi ya kumi na sita — uzi mmoja umetokeza tu, ameulaza kwa kidole, anaendelea, nami nangoja.