Mkwe wa Mayai ya Buluu

Shoga Fatu, bibi Sikuzani kanivunja mbavu hapa Lionja, bado nacheka!

Eti mwaka 1950 kulikuwa na mzungu Nachingwea, kuku wake wanataga mayai ya buluu. Buluu, Fatu! Alichagua mbegu kwa makini, hataki wachanganyike na wa kwetu.

Jogoo wake akaruka uzio, akahamia kwa kuku wa bibi, aliyekuwa jirani yake huko.

Vifaranga wake walipokua, nao wakataga buluu! Babu akayasugua mayai kwa sabuni, akidhani bibi kayachovya kwenye buluu ya kufulia nguo. Wapi! Haitoki.

Mzungu akaja kafura: "Umeniibia mbegu yangu!"

Bibi wala hakutetereka. Akamtandikia mkeka. "Karibu, mkwe. Mwanao kaoa hapa bila posa. Mahari umekuja nayo?"