Mfungulie Tira

Aremark, 4 Septemba 2003

Mjomba wangu Asbjørn,

Shikamoo. Natumaini nyonga inaendelea kupona na wauguzi hawakuoni mkaidi mno. Huku tu wazima, mvua tu ndiyo imetukalia.

Mbwa wako Tira hajambo. Namsafisha masikio kila Jumapili kama ulivyoniagiza, na nyayo nazipaka mafuta. Akilowa hutetemeka, manyoya yale mafupi hayamsaidii kitu, kwa hiyo analala jikoni. Ila kuna jambo linaninyima raha. Mbwa mwitu wamemuua mbwa wa jirani yetu Gudmund. Alimfungulia asubuhi afukuze sungura, akaja kuokota kola na kipande cha sikio. Tangu hapo Tira namtoa kwa kamba. Hataki. Anakwaruza mlango, analia, amekonda. Na mwamuzi wa chama cha wafuga mbwa anakuja Oktoba kumpima uwindaji msituni. Nimwambie asije?

Mpwa wako,
Torunn

Halden, 10 Septemba 2003

Mwanangu Torunn,

Marahaba. Nyonga inauma, lakini natembea mpaka chumba cha kulia. Si kwamba kuna la kufuata huko, maana samaki wao huchemshwa mpaka huwezi kujua alikuwa samaki gani. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mwamuzi usimzuie. Unajua jike asiyepata tuzo ya uwindaji, chama hakiandikishi watoto wake. Tira ana miaka sita, mwakani atakuwa amechelewa. Dada zake hawakushika mimba. Mbwa wa Halden, kama tunavyowaita hawa wa namna yake, mweupe mwenye mabaka meusi na kahawia kidogo usoni, wamebaki wachache kiasi kwamba tunaofuga tunawajua wote kwa majina. Akizeeka bila kuzaa, ukoo aliouanzisha babu yako umekwisha.

Tena si mbwa wa kuwinda kwa kundi. Huenda peke yake, pua chini, akibweka njia nzima, na akishashika harufu hasikii mtu. Ndivyo alivyo. Ukimweka kwenye kamba una mbwa wa kupiga naye picha. Mfungulie.

Mjomba wako,
Asbjørn

Aremark, 12 Oktoba 2003

Mjomba,

Shikamoo. Sitakuuliza hali leo, wala usiniulize yangu.

Nilimfungulia jana. Mwamuzi, Sigvart, alisimama kando yangu na saa yake mkononi. Tira alimkurupusha sungura karibu na ziwa, sauti yake ikaanza kuzunguka msitu, na kwa zaidi ya saa nzima haikukatika. Sigvart alikuwa anatabasamu. Alisema koo kama lile hajalisikia kwa miaka mingi. Kisha sauti ikavuka kilima. Tukaisikia mbali kidogo, halafu ikakatika katikati ya mbweko, kama redio iliyozimwa.

Tuliita. Tulitembea mpaka tukawa hatuonani kwa giza. Nimeacha koti langu pale nilipomfungulia, kama mnavyofanya ninyi wawindaji, ili akirudi alilalie. Leo asubuhi lilikuwa na umande tu. Gudmund alikuja akatafuta pamoja nami bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Wewe umekaa kwenye kiti chako huko Halden, ukasema mfungulie. Mkono uliofungua kamba ni wangu.

Torunn

Halden, 14 Oktoba 2003

Mwanangu,

Ulilosema ni kweli, sina la kujitetea.

Koti usiliondoe. Na msipige kelele tena. Akiwa ameumia, akikusikia atatoka alipojificha na asifike. Tafuteni chini ya vitu: mizizi iliyong'oka, madaraja, sakafu za maghala. Mbwa aliyeumizwa huingia mahali penye paa la chini. Nendeni na maji, msiende na nyama, harufu yake itawavuta mbwa mwitu.

Sijalala.

Mjomba wako, kama bado unanihesabu,
Asbjørn

Aremark, 20 Oktoba 2003

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kula sasa, tafadhali. Muuguzi ameniambia kwamba sahani zako zinarudi jikoni zimejaa.

Nilimsomea Gudmund barua yako. Akavaa jaketi lake, akaondoka. Kesho yake niliona anapanda njia ya kwetu akiwa na shati tu kwenye baridi ile, jaketi lake amelikumbatia kifuani. Mara ya kwanza tangu afiwe na mbwa wake, akanisemesha. "Huyu wako bado anapumua," akasema. "Washa gari."

Tira alikuwa chini ya sakafu ya ghala la zamani la majani la Gudmund. Ubavu wa kushoto umechanwa, mbavu zilikuwa zinaonekana. Daktari wa mifugo amemshona, anasema atapona, ila mguu hautarudi kama zamani. Anakula mkononi mwangu.

Sigvart ameandika. Aliyoyasikia kabla ya ule ukimya yanatosha, Tira amepata tuzo. Najua utafurahi. Mimi hata sijui nijisikie vipi.

Mpwa wako,
Torunn

Aremark, 6 Aprili 2004

Mjomba wangu,

Shikamoo. Majira haya ya kuyeyuka theluji najua nyonga inakusumbua, usitoke nje bila mtu.

Tira amezaa. Baba yao ni lile dume la kule Rakkestad. Watoto watano, wote wananyonya, na yeye hulalia ubavu ulio mzima ili wasiguse kovu.

Nimeamua jambo, nawe hutalipenda. Wote nawapeleka magharibi, kwa watu wa pwani ambako mbwa mwitu hawajafika. Gudmund aliomba mmoja. Nilimkatalia. Aliiacha kahawa yake mezani akaenda zake. Huku kwetu mbwa wa Halden hatasikika tena msituni, na Tira hatafunguliwa. Kama utakasirika, kasirika, lakini sitasimama tena pale kilimani kusikiliza.

Mpwa wako,
Torunn

Halden, 17 Aprili 2004

Mwanangu Torunn,

Marahaba. Mimi mzima.

Nilikuandikia barua nyingine wiki iliyopita, nikaichana. Ilikuwa na maneno ambayo mtu akishayatuma hayarudi. Nikakaa dirishani siku kadhaa nikitafuta mahali ulipokosea. Sikupaona.

Wapeleke. Waambie hao watu wa pwani wasiwalishe kabla ya kukimbia, masikio wayakaushe wakirudi, na wakiwa kwenye harufu wasiwaite, watajichosha bure. Majina wape wewe kabla hawajaondoka, nisije nikasikia watoto wa Tira wanaitwa majina ya samaki. Na Gudmund mfuate, mkanywe ile kahawa.

Siku ya kuwapakia garini, njoo unichukue. Nataka niwepo. Nitasimama nyuma ya Tira, na nitajitahidi nisiseme kitu.

Mjomba wako,
Asbjørn