Mlio wa Kipikipiki cha Baba

Unyambwa, Jumanne

Kumbe injini ya kipikipiki cha Baba si ya pampu ya maji kama nilivyong'ang'ania. Namba yake imelika, hata nilipoisugua kwa mafuta ya taa haikusomeka. Ila haina mahali pa kuwekea oili, kwa hiyo ni ile ya kuchanganya oili na petroli. Ningeiwasha kwa petroli tupu, ningeunguza pistoni. Afadhali nimeona mapema.

Baba alijua kipimo. Sikuwahi kumuuliza, na sasa tumeshamzika.

Nikakisia. Nikavuta kamba, kipikipiki kikawaka kwa kukohoa kulekule alikokuwa akirudi nako jioni kutoka shamba la alizeti. Nilidhani nitalia, au hata nitafurahi. Wapi. Nilisimama tu, mikono inanuka petroli.

Mama akatoka jikoni, mikono ina unga, akaenda moja kwa moja kufungua geti. Akabaki anaangalia njia.

Nikazima. "Mama, ni mimi."

"Najua," akasema. "Miguu imezoea."

Akarudi kusonga ugali. Tumeshakula.

Geti bado liko wazi. Hajaenda kulifunga, na mimi sijaweza.