Wasichana Wawili na Doti Moja

Tanga, 12 Juni 1957

Kwa Bwana Uweso, Amani,

Shikamoo kwa wazee wote waliokusanyika. Naomba barua hii isomwe mbele yao kwa sauti. Sisi huku tu wazima, na mvua imetulia.

Jumapili nilikwenda kwenye onyesho la wanawake kutazama filamu ya Kihindi. Wasichana wawili walimpenda kijana mmoja, na kila mmoja, kwa huruma, alimsihi mwenzake amchukue. Ukumbi mzima ulilia. Taa zilipowaka, nilimwona jirani yangu wa kiti, Asmahani, akifuta machozi kwa kanga iliyo sawa kabisa na hii uliyoniletea ya uchumba.

"Nimeletewa na mchumba wangu wa Amani, Bwana Uweso," akasema.

Ndipo tulipofahamu kwamba ulinunua doti moja, ukaikata, ukatuposa sote wawili, kila mtu na kipande chake.

Nikamwambia, "Mchukue wewe, dada."

"Haki ya Mungu, shoga, mchukue wewe!"

Tulisihiana hivyo, kama wale wa filamu, mpaka bawabu akatutoa nje. Kwa masikitiko nakuarifu kwamba hapana aliyekubali kukupokea.

Aliyekuwa mchumba wako,
Sabiha binti Kombo