Jina Lako Kifuani

3 Machi

Baba Kibonge mpenzi,

Mwanao sasa hivi tu kavua kiatu, kakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kunywa, halafu akanipigia makofi mimi. Hajambo, anakula kama mchwa. Mimi mzima. Kifua chako kimepoa?

Mbunge wetu alikuja hapa karakana ya ushonaji. Tukazima vyerehani, akapanda juu ya kreti. Akasema ataunga mkono bajeti ya jeshi kwa nguvu zote, maana askari wa mpakani hawana buti wala wa kuwapokea zamu. Fedha zikipita, aliyetimiza miaka miwili atarudi kwake. Si yako inatimia mwezi wa sita? Nilishangilia mpaka jirani yangu wa cherehani akaniambia, "Shoga, bakisha mikono ya kushonea!" Mheshimiwa akanipa mkono, nikamwombea apitishe.

Nimekosea? Shoga anasema bajeti ya jeshi ni ya vita. Mimi naona ni ya buti.

Mkeo,
Mama Kibonge

30 Machi

Mama Kibonge wangu,

Salamu zimefika. Kikohozi kimebaki cha asubuhi tu. Hukukosea. Buti la kushoto nimelifunga kwa waya, na tuko saba kwenye kazi ya watu kumi na wawili. Mbunge huyo akifanikiwa, nami nitamshangilia. Mwezi wa sita si mbali.

Mumeo,
Baba Kibonge

14 Juni

Baba Kibonge,

Hujambo? Sisi salama, Kibonge kaota magego, anang'ata hata mlango.

Fedha zilipita, redio ilisema. Kazi ikamiminika: sare mpya, na mimi nikapewa vile vitambaa vya majina vya kifuani. Jana nashuka na orodha, mstari wa arobaini na moja ni wewe. Namba yako, kikosi chako. Na juu ya karatasi wameandika: "Wanaoendelea, miaka miwili mingine."

Nikampa shoga asome. Akasoma, akaikunja karatasi, akanirudishia. Labda orodha ni ya zamani? Labda ni sare ya kurudia nyumbani? Nimeuruka mstari wako. Nisiposhona utarudi, au utabaki huko bila sare?

Mkeo,
Mama Kibonge

2 Julai

Mama Kibonge,

Ni mzima, namshukuru Mungu. Lishone jina langu, herufi ziwe nene. Mengine usiulize kwa barua, barua zetu zina wasomaji wengi. Buti zimekuja. Zinanitosha.

Mumeo

19 Julai

Baba Kibonge,

U mzima? Kibonge kalala juu ya marobota ya vitambaa. Jina nimelishona, mara mbili, ya kwanza uzi ulinikatikia.

Leo mheshimiwa karudi kuona kazi. Nikasimama mbele za watu: "Mheshimiwa, ulisema wa miaka miwili watarudi. Mbona wangu kaandikwa tena?"

Hakukasirika. Kaniita "binti yangu". Akasema, "Zamani tulikuwa na watu, vifaa hatuna. Sasa vifaa tunavyo, nani atavivaa?" Watu wakapiga makofi, na mimi nikajikuta napiga. Uso wake ulikuwa wa huruma kabisa. Huenda unabaki kuwafunza wapya tu, ndipo urudi. Inawezekana, eti?

Ngoja, msimamizi ananiita. Anasema mheshimiwa yuko ofisini, kashika kalamu, anataka jina lako kamili na kikosi. Naja! Baba Kibonge, sijui nikimtajia nitakuwa nimekuombea ruhusa, au ndiyo nitakuwa nimekuponza kwa mdomo wangu