Kile Chuma Ulichokikataa

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini kikohozi cha yule mdogo kimepoa na kwamba mnalala vizuri. Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamsumbua baridi ikiingia, lakini mdomo wake mzima kama ulivyouacha: jana tu kaniambia ninakonda kwa kugombana na springi badala ya kutafuta mume.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, nami nikikatizwa nasahau nilichokasirikia. Leo sitaki kusahau.

Unakumbuka nilivyokueleza shida ya gari la baba. Likifika na abiria kwenye ule mlima wa udongo mwekundu, nikikanyaga mafuta, ekseli ya nyuma, ile inayobeba magurudumu, inataka kujiviringa, springi zinajikunja, na gari zima linadundadunda pale pale huku magurudumu yakichimba. Fundi alilala chini yake, akatoka na uso wa daktari mwenye habari mbaya. Alisema dawa yake ni chuma kirefu cha kuikamata ekseli na kuifunga kwenye chesisi, ile fremu ya chini ya gari, ili isijipinde, maana hata mlevi akishikwa mkono hutembea sawa. Akaonya kwamba bila hicho propela, ile nondo inayopeleka nguvu ya injini nyuma, itakatika siku moja, na itachagua kukatikia mlimani.

Nilisitasita. Chesisi ingebidi itobolewe na kuchomelewa, na jambo hilo likishafanyika halifutiki. Ndiyo maana nikakuuliza wewe, mkubwa wangu. Ukaniambia gari la baba lisiguswe na moto wa fundi yeyote. Ukasema baba aliliacha safi na safi litabaki, mimi nipunguze papara tu. Ulizungumza kwa uchungu hadi nikaona haya kwa kuuliza. Mama naye akaniambia nikusikilize, kwani wewe ndiye baba sasa. Nikamwambia fundi aache. Alitikisa kichwa, akasema mlima haumjui marehemu.

Propela ilikatika, kaka. Hilo nilikwambia, ila nililipunguza nisikutie wasiwasi. Nilikuwa nimempakia muuguzi na sanduku lake la chanjo, tumebakiza kona moja. Gari lilidunda, tukasikia kishindo chini ya miguu yetu, tukaanza kurudi nyuma. Breki zilishika, lakini udongo ulikuwa umelowa, tukateleza kinyumenyume. Nililigongesha ukingoni kwa makusudi, maana upande wa pili ni korongo. Muuguzi alivunjika mkono. Alipokuwa akifungwa plasta aliniuliza kwa upole kwa nini kile chuma hakikuwekwa, nami nikamjibu kuwa ni kwa heshima ya baba. Nilijivuna kabisa nilipolisema hilo.

Juzi akaja bwana mmoja mwenye viatu visivyojua tope, akajitambulisha kuwa rafiki yako. Aliomba kuliona gari. Nikadhani umetutumia mtu wa kutusaidia, nikamkaribisha chai. Akatandika gazeti, akaingia chini na tochi, akaipapasa chesisi toka mbele hadi nyuma, akatoka anatabasamu. Alisema ulimwambia kweli, hakuna palipotobolewa wala kuchomelewa. Bodi iliyopondeka haikumsumbua, alisema hiyo hunyooshwa. Chesisi iliyopitiwa na moto ndiyo haina tiba. Akanieleza, tena kwa furaha, kwamba yeye hukusanya magari ya zamani na huyachukua tu yakiwa kama yalivyotoka kiwandani, na kwamba hili ulimwahidi tangu mwezi ule tuliomzika baba. Aliniuliza nitatoa lini vitu vyangu garini.

Kaka, chai yake ilinipoa mkononi. Si wewe uliyesimama mbele ya baba mdogo ukasema gari hili haliuzwi, kwa kuwa ndilo linalomlisha mama? Kweli akumulikaye mchana, usiku hukuchoma. Ungeniambia tuuze, ningelia, kisha ningekubali. Lakini uliniacha nipande ule mlima na watoto wa watu ili mali yako isiharibike, na ukamtumia baba kunifunga mdomo. Nimeumia, na sijui nitapona vipi.

Sasa nami nina la kukiri. Jana nililipeleka gari kwa fundi, lilishawekwa propela mpya, akifunge kile chuma. Nilishika taa mwenyewe alipokuwa akitoboa. Rangi ya baba iliungua, nikalia, fundi akajifanya anatafuta spana. Leo asubuhi nimeupanda mlima na halikudunda, hata pale kwenye kona. Rafiki yako nimempigia kumweleza. Amekata simu bila kuaga.

Nisalimie wifi, nawapenda watoto kama zamani. Mama anakusalimu sana. Kila jioni anakuombea kwa jina lako, anamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto anayelilinda gari la mumewe, na mimi nimekaa kando yake naitikia amina. Sijamwambia chochote. Hilo nimekuachia wewe, uje umwambie ukiwa umemtazama machoni.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.