Rosaire na Mti Wake Uliogoma Kunenepa

Mwaka umetimia, Rosaire Veilleux, tangu Mei ile ulipotutoka, kofia ya sufu ikiwa kichwani kwa sababu uliwakatalia wauguzi kuivua. Nyumba yako pale kilimani ilijaa watu siku tatu. Supu ya njegere iliisha, paja la nguruwe likaisha, na Conrad jirani yako alimaliza pai ya nyama peke yake huku akilia. Ungefurahi. Ulipenda nyumba iliyojaa kuliko padri anavyopenda kanisa lililojaa.

Miaka ishirini na tisa uliendesha gari la kusukuma theluji, na milango ya wajane ulianza nayo kabla ya ule wa meya. Ulimwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabara nzima, ila ukipita mbele ya kwako uliifunga, isije ikaunguza mizizi ya mti wako. Magari yaliteleza pale pale kila Januari, na kijiji kizima kilijua sababu.

Nani hapa Beauce hakuujua mti ule wa mepo, ule wa utomvu wa sukari? Uliuchimbua msituni kwa baba yako ukiwa mwembamba kama fimbo, ukauweka kwenye ndoo miaka miwili kwa kuwa hukuamua uupande wapi. Mwishowe ukaupanda mbele ya dirisha la jikoni, mkeo Fleurette auone akiosha vyombo. Uliuzamisha chini sana, upepo usiutikise. Kila masika ukaulundikia shina chengachenga za mbao, mpaka ukafanana na mtu aliyevaa skafu.

"Rosaire!" Conrad alikuwa akipiga kelele ng'ambo ya ua. "Mti hupandwa, hauzikwi! Shingo yake ionekane!"

"Funika yako kwanza, inatisha kuku wangu!"

Tunakumbuka kamba aliyokuachia baba yako. Ncha zake zikikutana kuuzunguka mti, huo bado mtoto, usiutoboe. Zikishindwa kukutana, leta keekee na ndoo, utomvu ukachemshwe uwe shira. Kila Machi ulitoka na kamba ile, sisi tukikuchungulia dirishani, na kwa miaka kumi ya mwisho ncha zilipishana vidole vinne vile vile.

"Shemeji, huo mti wako umefunga Kwaresima ya maisha," Huguette, dada wa Fleurette, alikuambia, na ulimnunia mpaka Pasaka.

Kwa hiyo hatukushangaa siku ya mwisho ulipomshika Fleurette mkono mbele yetu sote. "Mama Odile, usihame pale mpaka mti wetu utoe shira. Niahidi."

Angesema nini? Aliahidi.

Sasa tukueleze mwaka ulivyokwenda, maana hukupenda mambo ya kunong'ona, isipokuwa ukinong'ona wewe.

Agosti majani ya upande mmoja yaligeuka mekundu kabla ya wakati wake. Watu walipita wakisema mti unakuombolezea, na Fleurette aliyapenda maneno hayo.

Januari theluji ilipanda hadi kwenye kizingiti cha dirisha. Mlango haukufunguka siku nne. Sasa tuna mjane wetu wenyewe, Rosaire, na dereva mpya hakuanza na mlango wake. Fleurette, mwanamke asiyejua kupika chakula cha mtu mmoja, alikaa dirishani akiongea na redio na kuutazama mti. Huko mjini Sherbrooke dada yake alikuwa amemwandalia chumba kwenye ghorofa lenye lifti, na meza ya karata iliyopungukiwa mtu mmoja.

"Dada, njoo basi," Huguette alimwambia kwenye simu.

"Nije vipi? Mti haujanenepa."

"Si uulishe viazi!"

Walicheka. Huguette alipokata simu, Fleurette akaendelea kuishika sikioni.

Machi alitoka na kamba. Vidole vinne.

"Toboa tu, bibi," Conrad alimwambia. "Rosaire hafufuki kuja kupima."

"Watu kumi na mmoja walinisikia, Conrad. Na wewe ndiye uliyelia kwa sauti."

Jumamosi iliyopita binti yako Odile alikuja na mwiko wa bustani, akaanza kuondoa chengachenga zako, kisha udongo. Conrad alisimamia kazi akiwa na kikombe cha kahawa, akitoa ushauri asioombwa. Kwenye kina cha mkono mzima wakaukuta: mzizi mnene kama kifundo cha mkono, umelizunguka shina kwa mviringo ule ule wa ndoo, umezama ndani ya gome. Hata Conrad aliweka kikombe chini, Rosaire!

Fleurette alipiga magoti akatia kidole kwenye lile kovu. "Kumbe haukugoma," alisema. "Ulikuwa unakabwa."

Hatukulaumu. Kila koleo ulilomwaga pale lilikuwa la mapenzi. Lakini tungekudanganya tukisema halikukaba.

Conrad alileta patasi, akaukata ule mzizi kipande kwa kipande. "Labda utapona," alisema. "Umwagiliwe kiangazi hiki na kijacho. Kufika unene wa kamba, sema miaka kumi na mitano."

Fleurette alikaa kwenye ngazi. Ana sabini na sita. "Wakati huo," alisema, "kamba hiyo mtanifungia taya."

"Mama, nitahamia hapa mimi," Odile akasema. "Nitaumwagilia. Nakuaha—"

Mama yake alimziba mdomo kwa kiganja chenye udongo. "Usiahidi! Mwagilia ukipenda. Ukichoka, acha."

Akaingia ndani, akaitungua kamba yako msumarini, akafungia kisanduku chake cha safari ambacho kufuli lake liliharibika zamani. Ncha zilikutana. Vile vidole vinne vilivyobaki vilitosha fundo.

Fleurette aliahidi mbele ya watu, basi anaivunja ahadi mbele ya watu, hapa gazetini, kwa jina lake. Jumapili hii anahamia Sherbrooke. Baada ya misa njooni nyote kilimani: kuna mayai yaliyopikwa kwenye shira, na shira ni ya Conrad, kwa hiyo msimsifu sana.

Unakumbukwa na mkeo Fleurette, binti yako Odile, shemeji yako Huguette, jirani yako Conrad Poulin, na wajane wote wa barabara ya kilimani.

Kila Machi utomvu utakapopanda tutakutaja, Rosaire, mti utoe usitoe.